Siku Tuliyokwenda Kuwatazama Samaki

Tulipostaafu, mimi na mume wangu tulidhani tutalala. Huo ndio mpango wa kwanza tuliokuwa nao, na labda ndio pekee. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, akipanga trei za chakula cha abiria ambao hakuwahi kuwaona. Mimi nilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikiwaogesha, nikiwageuza kitandani, nikiwalisha uji kwa kijiko. Zamu yake ilianza kabla ya mapambazuko, yangu ilikwisha wakati huohuo. Ilipita miaka ambayo tulikutana zaidi mlangoni kuliko kitandani, mmoja anavaa viatu, mwingine anavivua. Tukaahidiana kwamba siku tutakayoacha kazi tutalala mpaka tuchoke kulala.

Haikuwa hivyo. Mwili ulikuwa umejifunza kuamka na ukakataa kujifunza kitu kingine. Katikati ya miaka ya tisini, wote wawili tukiwa tumeshaacha kazi, bado tuliamka kabla hakujakucha, tukalala chali tukitazama dari, kila mmoja akijua mwenzake yuko macho. Uchovu ulikuwepo, usingizi haukuwepo. Zamani nilidhani hivyo ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza hivyohivyo. Miti iliyokuwa nyuma ya maghorofa yetu, kule Rexdale, pembeni mwa Toronto, ilikuwa imegeuka rangi ya binzari na pilipili. Kamusi huyaita majira hayo vuli, lakini mimi nimekulia Muheza, na kwetu vuli ni mvua, ni watu kukimbilia shamba na jembe begani. Nilikaa Kanada zaidi ya miaka ishirini bila kuweza kulitumia neno hilo kwa majani makavu. Nilisema tu, "Majani yanaanguka," na mume wangu alielewa kwamba nimesema pia kwamba baridi inakuja na sina nguvu nayo.

Yeye ndiye aliyetangulia kuondoka kitandani. Baada ya kustaafu alijifunza kupika chai. Hakujifunza kwa mapenzi, alijifunza kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kujua sukari inakaa kabati gani, lakini sasa jikoni palikuwa pake, na ole wako uhamishe kijiko. Alitia tangawizi nyingi mno. Chai yake ilikwaruza koo mpaka macho yanatoka machozi, na mimi niliinywa yote kila siku bila kulalamika, kwa sababu kuletewa chai ni kitu ambacho nilikuwa nimekingoja muda mrefu kuliko nilivyojua.

Tulikunywa kibarazani, ghorofa ya kumi na moja, tumejifunika mablanketi mabegani kama wagonjwa waliotolewa nje kuota jua. Ndege zilipita zikishuka kuelekea uwanjani. Mume wangu alizitazama kwa makini.

"Hawa wamekula kuku," alisema.

"Umejuaje?"

"Asubuhi hii, kutoka upande ule? Ni kuku. Na wali uliokauka."

Huo ulikuwa mzaha wake wa kila siku, nami nilimchekea nilipoweza. Asubuhi hiyo nilicheka kidogo. Jua lilikuwa limetoka vizuri, jua la mwishomwisho, lile linalong'aa kuliko linavyopasha joto.

"Mama watoto," alisema, akiweka kikombe chini, "leo twende tukawaone samaki."

Nilijua samaki gani. Mwenzake mmoja wa ghalani, Mreno, alikuwa amemweleza miaka mingi nyuma kwamba majira haya samoni hutoka ziwani na kupanda mto Humber kwenda kutaga, na kwamba mahali fulani mto umekatizwa na ukuta mdogo wa saruji, na samaki hulazimika kuuruka. Watu huenda na watoto wao kutazama. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akaniambia tutakwenda Jumapili. Jumapili hiyo niliitwa kazini. Mwaka uliofuata yeye alikuwa na zamu mbili mfululizo. Mwaka mwingine mtoto aliugua. Watoto wakakua, wakaondoka, mmoja akaenda kukaa Calgary, mwingine akaolewa akahamia Markham, na sisi samaki wenyewe hatujawaona.

"Magoti yako je?" niliuliza.

"Magoti nitakwenda nayo. Siwezi kuyaacha."

Sikutaka kwenda. Nasema kweli. Nilitaka kukaa hapo na blanketi langu mpaka jua lizunguke upande wa pili wa jengo, kisha niingie ndani nikae tena. Lakini alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake ya sufu, na nikaona kwamba kumkatalia kutanichosha kuliko kwenda. Nikajaza chai kwenye chupa, nikafunga chapati za jana kwenye kitambaa, nikavaa koti.

Basi la Islington lilikuwa karibu tupu. Siku za kazi, saa zile za katikati ya asubuhi, mabasi ni ya wazee na ya kina mama wenye vigari vya watoto. Nilikuwa sijalizoea hilo. Kwa miaka yote nilipanda basi hilihili nikiwa nimebanwa na watu wa zamu, wote tunanuka sabuni au mafuta, wote tumefumba macho. Sasa nilikuwa na kiti cha dirishani na nafasi ya kuweka mkoba, na dereva alingoja mpaka tukakaa kabla ya kuondoa gari. Mume wangu aliniangalia kama mtu aliyelipanga jambo hilo mwenyewe.

"Umeona? Kama mabwana."

Tulifika stesheni, tukateremka kupanda treni ya chini ya ardhi, na vituo viwili baadaye treni ikatoka kwenye giza ikasimama juu ya bonde. Huwezi kuamini kwamba ni mji uleule. Chini yetu kulikuwa na miti tu, ya rangi ya moto, na mto katikati, kahawia, mpana kuliko nilivyodhani. Tuliteremka polepole. Mume wangu alitangulia kila hatua kwa mguu wa kushoto, ule wenye goti zima, kisha akauvuta wa kulia. Nilitembea nyuma yake nikishika ukanda wa koti lake, ingawa kama angeanguka angeniburuta tu.

Watu walikuwa wamesimama kando ya mto, si wengi. Palikuwa na mzee mmoja wa Kiitalia mwenye kofia ya kitambaa na kigoda chake cha kukunja, na bibi wa Kichina aliyekuwa akimlisha mjukuu wake ndizi bila kuangalia mahali pengine ila majini. Tulipata gogo tukakaa. Mbele yetu maji yalimwagika juu ya ule ukuta wa saruji, mweupe wa povu, na kelele yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hukulazimika kuzungumza. Hilo lilinipendeza.

Mwanzoni hatukuona kitu. Nilianza kusema kwamba labda tumechelewa, kwamba wameshapita. Ndipo kitu kirefu cheusi kikatoka majini, kikajipinda hewani kama mkono wa mtu, kikagonga ukuta na kuanguka tena kwenye povu.

"Huyo!" mume wangu alipiga kelele. Yule Mwitalia akageuka akatuchekea, akainua kidole kutuambia tungoje.

Akaruka mwingine. Akaanguka. Akaruka yule wa kwanza, au aliyefanana naye, akaanguka. Walikuwa wakubwa, urefu wa mkono wangu, na ngozi zao zilikuwa zimechubuka, nyingine zina mabaka meupe kama nguo iliyofifia kwa jiki. Nilidhani ningeona kitu cha kupendeza. Badala yake nilihisi uchovu wao ukinipanda miguuni. Nilitaka kuwaambia waache. Lakini mume wangu alikuwa amesimama, amesahau magoti yake, anapiga makofi.

"Haya! Tena! Tena, mzee wangu!"

"Umejuaje kama ni mzee?"

"Mwangalie. Huyu amestaafu huyu."

Kulikuwa na mmoja mkubwa kuliko wote, mwenye kovu mgongoni. Aliruka mara nyingi, na kila mara aliangukia palepale. Mwishowe akasogea kando, mahali maji yalipotulia nyuma ya jiwe, akakaa hapo bila kujongea, mapezi yake yakicheza kidogo tu. Tulimwona vizuri.

"Amechoka," nilisema.

"Anapumzika."

"Amechoka, baba watoto. Mwache."

"Anapumzika, nimekwambia. Kuchoka na kupumzika si kitu kimoja."

Nilimpa chapati, akala akiwa amesimama, macho hayatoki kwenye jiwe. Mwitalia alitutolea zabibu kutoka mfukoni mwake, nasi tukampa chai. Alipoonja tangawizi ya mume wangu alikohoa mpaka kofia ikamdondoka, kisha akanyoosha kikombe aongezewe. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno machache ya Kiingereza cha kazini, na sote watatu tulikuwa tumechoka kukitumia. Tuliangalia samaki.

Baadaye mume wangu alikaa, akaegemea mti, akalala. Alilala kabisa, mdomo wazi, jua usoni, mikono imefunguka mapajani. Nilikuwa sijamwona akilala hivyo tangu aache kazi. Niliogopa hata kusogeza mguu. Jani moja lilimwangukia kifuani na nikaliacha. Nilikaa pale karibu naye, sina ninalolifanya, hakuna anayeniita, hakuna kengele ya mgonjwa, na nikafikiri kwamba kama kustaafu kungekuwa hivi kila siku, ningesifia jambo hilo. Sijui muda gani ulipita. Yule samaki mwenye kovu hakuwepo tena nyuma ya jiwe nilipotazama. Sikuona kama alipita au alirudi ziwani. Mume wangu alipoamka aliuliza, nikamwambia kweli kwamba sikuona. Alisema basi amepita. Kama ni hivyo, sawa.

Njiani kurudi tulishuka kwenye maduka yaliyo karibu na kwetu, kwenye duka la Mjamaika mmoja tuliyezoea kununua kwake ndizi mbichi na mihogo. Mihogo yake ilikuja imepakwa nta, migumu kama kuni, na kila nilipoimenya nilisononeka kidogo, lakini ilikuwa mihogo. Mume wangu alikuwa na furaha ya samaki bado, akachukua mingi. Nikamwambia inatosha. Akaongeza na viazi vikuu. Tukatoka kila mmoja na mfuko mkononi, upepo umeanza kuwa mkali, jua limeshakuwa la bure.

Tulipoingia kwenye jengo letu, watu walikuwa wamesimama mbele ya lifti. Moja ilikuwa imeharibika tangu juma lililopita. Sasa na ya pili ilikuwa imekwama. Msimamizi wa jengo alikuwa ameshapiga simu, alisema fundi yuko njiani, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu ambaye hata yeye haamini. Tulingoja. Hapakuwa na mahali pa kukaa. Mume wangu alianza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine, nami nilijua maana yake.

"Tupande," alisema.

"Ghorofa kumi na moja?"

"Polepole."

Tukapanda. Ngazi za jengo lile zilikuwa za saruji, hazina madirisha, taa moja inawaka na mbili hazipo. Kila sauti ilirudi mara tatu. Ghorofa ya kwanza na ya pili tulipanda bila kusimama. Ya tatu alisimama. Ya nne alisimama kabla hatujafika. Nilichukua mfuko wake nikaujumlisha na wangu, vipini vikanikata vidole, na hapo ndipo hasira ikanipata. Nadhani ni uchovu tu, lakini ulitoka kama hasira.

"Nilikwambia mihogo inatosha! Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Na viazi vikuu! Nani atakula viazi vikuu vyote hivi? Mtoto wako wa Calgary atakuja kula?"

"Mama watoto, acha nipumzike. Ngazi hazikimbii."

"Nani alisema tutoke leo? Mimi nilikuwa nimekaa zangu na blanketi langu!"

"Na samaki je? Hukuwafurahia samaki?"

"Samaki gani? Samaki wanapigwa na ukuta, wewe unawapigia makofi!"

Tulikuwa tumefika ghorofa ya sita, yeye amekaa kwenye ngazi, mimi nimesimama juu yake na mifuko miwili kama askari wa forodha, na sauti yangu ikisikika labda mpaka juu kwetu. Mlango wa ngazi ukafunguka kidogo. Uso wa mwanamke mzee ukachungulia, mwembamba, kitambaa kichwani, mkono mmoja umeshika mlango kana kwamba yuko tayari kuufunga.

"Ni nani ule anaongea Kiswahili?" aliuliza.

Nilishusha mifuko kwa aibu. Mume wangu ndiye aliyejibu, kutoka chini kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama. Ni sisi. Tusamehe kwa kelele."

Hakuitikia shikamoo, nadhani kwao haikuwa desturi. Alifungua mlango wote. "Mungie," alisema. "Mungie, mukae. Ule baba amechoka sana."

"Tunakaa juu tu hapo, mama," nilisema. "Tutafika."

"Hapana. Mungie."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na alinivuta kama mtu anayeogopa kwamba nitabadilika kuwa mtu mwingine. Tukavuka korido, tukaingia kwake. Kilikuwa chumba kama chetu kabisa, kimegeukia upande wa pili, na ndani palikuwa na vitu vichache: kochi, meza, televisheni iliyozimwa, na kiti kimoja kilichowekwa karibu sana na mlango wa nje. Nilielewa baadaye kwamba hapo ndipo alipokaa mchana kutwa, akisikiliza korido.

Alikuwa ametoka Bukavu na binti yake, wakapita mahali pengi, wakafika Toronto mwisho wa majira ya baridi. Binti alifanya kazi kiwanda cha kufungasha vyakula. Yeye alibaki nyumbani. Aliogopa lifti. "Ile sanduku inameza watu," alisema, "mie siingie." Jumapili walishuka kwa ngazi kwenda kanisani, wakapanda kwa ngazi, na siku zilizobaki hakutoka. Binti alikuwa amemkataza kumfungulia mlango mtu yeyote. Miezi yote hiyo tulikuwa tukipita juu na chini ya sakafu yake tukiwa ndani ya sanduku hilo, na hatukujua.

Alitupa maji, kisha sahani ya maharagwe na ndizi zilizopikwa pamoja, bila kutuuliza kama tuna njaa. Tulikula. Njaa ilikuwepo, kumbe. Mume wangu alinyoosha mguu wake juu ya kigoda na kufumba macho kwa utamu wa kukaa tu.

Nilitegemea mama yule atatueleza mambo yake. Hakueleza mengi. Alitutazama, mmoja hadi mwingine, akingoja. Kisha alisema:

"Muongee."

"Tuongee nini, mama?"

"Kile kitu tu mulikuwa munaongea kwa ngazi. Mugombane. Mie nilikuwa nasikia, nikasema ni watu wa kwetu wanagombana. Ilikuwa vizuri sana. Tangu asubui sijasikia mtu."

Mume wangu alifumbua macho. Tuliangaliana. Sikuwa na hasira hata chembe tena, na ni vigumu kugombana kwa kuombwa. Lakini yeye, Mungu amrehemu, alijiweka sawa kitini akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa:

"Huyu mke wangu, mama, nimempeleka kuona samaki wa ajabu, hata asante sijapata."

"Asante ya nini?" nilisema. "Ulilala! Samaki uliwaona dakika ngapi?"

"Nilipumzika."

"Ulikoroma, baba. Mwitalia wa watu akawa anakucheka."

"Mwongo! Mwitalia alinipenda. Alikunywa chai yangu mara mbili."

"Alikohoa mpaka kofia ikaanguka!"

Mama wa Bukavu alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, akifuta macho kwa pindo la kitambaa, na kila tulipotaka kunyamaza alitupungia mkono tuendelee. Tukaendelea. Tukagombania mihogo, tukagombania tangawizi, tukagombania jambo la zamani la pazia ambalo tulikuwa tumelisahau wote wawili. Nilisikia sauti yangu ikipata nguvu. Ni ajabu, maana miezi hiyo ya kustaafu tulikuwa tumefika mahali pa kuongea kidogo sana, kila kitu tumeshakisema, na watoto wakipiga simu wanajibu kwa Kiingereza hata ukiwauliza kwa Kiswahili. Nami nilikuwa nimeanza kuona sauti yangu ni ya ziada.

Binti alirudi jioni. Tulisikia hatua zake zikipanda, nzito, kisha zikasimama mlangoni alipoona mlango haukufungwa kwa komeo. Aliingia kwa kasi, bado amevaa kofia ya wavu ya kiwandani, uso umebadilika.

"Maman! Ni nani hawa?"

"Ni wageni wangu," mama alijibu, na alilitamka neno hilo kwa fahari kubwa.

Binti alituangalia, akaangalia sahani tupu, akaangalia mguu wa mume wangu juu ya kigoda. Tulianza kusimama, tukiomba radhi, tukieleza habari za lifti. Alipotusikia tunaongea akaketi palepale kwenye mkono wa kochi, na koti lake. Alikuwa na uchovu ninaoufahamu, ule wa mtu aliyesimama siku nzima mbele ya mkanda wa mashine, ambapo hata habari njema unahitaji kwanza kupumua ndipo uipokee.

"Tangu tulifika," alisema hatimaye, "natafuta mutu wa kukaa naye hata saa moja."

"Tupo juu hapo," mume wangu alisema. "Hatuna kazi."

Na kweli, tulikuwa tukishuka. Majira yote ya baridi yaliyofuata nilishuka mchana, yeye akija nami goti lilipomruhusu, na tuliketi na mama yule tukimenya viazi au tusifanye lolote. Hakuwahi kuingia kwenye lifti. Alinifundisha kupika sombe, yaani kisamvu, kama kwao, mimi nilimfundisha kutumia kidhibiti cha televisheni, ambacho hakukitumia. Tulipokuwa na nguvu tuligombana, mimi na mume wangu, kwa heshima yake. Mwaka uliofuata binti alipata kazi bora Montreal, kwa ajili ya Kifaransa chake, wakahama. Nilimsindikiza mama kwa ngazi mpaka chini. Alishika mkono wangu vilevile kama siku ya kwanza, na sikumwona tena. Mume wangu naye hayupo sasa. Ghorofa ile nimeiacha, nakaa na mwanangu Markham, kwenye chumba cha chini chenye joto jingi.

Lakini jioni ile tulikuwa na ghorofa tano bado. Binti alitaka kutubebea mifuko. Nilimkatalia, alikuwa amebeba vya kutosha siku hiyo. Tukamwachia nusu ya mihogo na viazi vikuu vyote. Tulipanda tukipumzika kila ngazi zilipopinda, na safari hii hakuna aliyelalamika, si kwa wema, ila pumzi hazikuwepo. Mume wangu alifungua mlango wetu, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, na koti lake, na kofia yake.

"Nimekwisha," alisema.

"Na mimi nimekwisha."

Nilichemsha maji, nikamimina kwenye karai la kufulia, nikatia konzi ya chumvi. Nilimvua viatu. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimevimba na soksi zimeacha alama. Alipoingiza miguu majini alitoa sauti ambayo sijawahi kusikia mtu akiitoa hata akila asali. Nilivuta kiti kingine, nikavua vyangu, nikaingiza miguu yangu kwenye karai hilohilo, pembeni ya yake, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuchemsha mengine.

Hatukuwasha taa. Mwanga wa korido uliingia chini ya mlango. Nje ndege moja ilipita ikishuka na madirisha yakatetemeka kidogo, na hakusema abiria wamekula nini. Maji yalianza kupoa. Miguu yake ilisogea ikagusa yangu, ikakaa hapo.

"Nani ataamka kumwaga maji?" aliuliza baada ya muda mrefu.

"Si mimi," nilisema.

"Si mimi pia."

Basi tukabaki hivyo, mpaka maji yakawa baridi kabisa.